Biblia Yenye Matundu

Niliondoka Mahagi kwa sababu ya kipande cha karatasi kisichozidi upana wa kidole changu. Nasema mapema, maana wapo wenzangu wa sokoni waliodhani nimekwenda Bunia kutafuta vitenge, na wengine wa parokiani waliodhani nimekwenda kwa daktari. Mdogo wangu Afoyo ndiye aliyenipigia simu akilia. Yeye aliolewa Bule, kule Djugu, na mkulima mmoja aitwaye Dieudonné. Vita vilipowatimua walikimbilia Bunia na watoto wao, na tangu hapo wanaishi chini ya turubai katika kambi iliyo pembeni mwa mji. Sasa Dieudonné alikuwa ameapa kwamba mvua za kwanza zikianguka atarudi Bule kulima, na kwamba atawachukua wale watoto wawili wakubwa wamsaidie.

"Yaya Mado, batu balirudia kule mwaka ilipita, bengine hatukubaona tena," Afoyo aliniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Namuambia, hasikie. Anasema ni Mungu njo alimutuma."

"Alimutuma namna gani?"

"Alivuta mustari."

Kwa wale wa kwetu wasiojua, nieleze. Bunia kuna vyumba vya maombi vingi kuliko mabomba ya maji. Katika baadhi yake, mwaka unapoanza, kila mwamini huingiza mkono kwenye kikapu akavuta kipande cha karatasi chenye mstari mmoja wa Biblia, na mstari huo ndio utakaomwongoza mwaka mzima. Mwanafunzi akivuta mstari wa ushindi hafungui tena daftari. Msichana akivuta mstari wa bwana arusi anaanza kununua sahani. Mimi ni msomaji wa masomo ya Misa, nimesimama mbele ya kitabu kile Jumapili nyingi na ninakiheshimu kwa sababu kinachosha. Kukichezea tombola, kama bahati nasibu, ni jambo lililonipandisha hasira hata kabla sijafunga mzigo. Nilitia Biblia yangu mfukoni pamoja na samaki wakavu wa watoto, nikaaga.

Mahagi-Port, asubuhi. Barabara ya kupitia Djugu sikuithubutu, hivyo niliteremka ziwani kupanda boti ya Kasenyi. Ubavuni boti hiyo ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu namba ya ile zaburi ya mchungaji na maji matulivu. Ziwa lenyewe halikuwa limeisoma, maana lilikuwa likitupa mawimbi hadi kwenye mizigo. Nahodha alinuka kaikpo, ile pombe yetu kali ya mihogo, wakati watu wengine bado wanatafuta chai. Nilimwuliza jaketi za kuelea ziko wapi. Alinionyesha moja tu, imetundikwa juu ya mota, imepauka kwa jua.

"Usiogope, Mama," alisema. "Hii boti iko na mustari yake."

"Na ile mustari inajua kuogelea?"

Abiria walicheka, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye ndoo ya samaki aliyenitazama kana kwamba nitawazamisha wote kwa mdomo wangu. Jaketi tulimvalisha mama mwenye mtoto mchanga. Sisi wengine tulikaa na zaburi.

Kasenyi hadi Bogoro. Kasenyi ndiko nilikochukua pikipiki kupanda ule mlima wa kutoka ziwani. Vumbi lilinijaa hadi kwenye meno, na kila kijiji kilikuwa na maandiko yake. Bucha iliitwa Mwanakondoo. Kinyozi aliitwa Samsoni, na sina hakika kama aliisoma habari ya Samsoni hadi pale pa nywele. Nilipoona duka la misumari lenye jina la Golgotha nilicheka peke yangu mgongoni mwa dereva, akageuka kuniuliza kama ninaumwa. Kizuizini Bogoro askari alifungua mfuko wangu, akawanusa samaki, akaiona Biblia, akaniuliza ninakwenda Bunia kufanya nini.

"Kusoma," nikamwambia.

"Basi uniombee," akasema, na akanirudishia karte, kitambulisho changu, bila neno lingine. Hata yeye hakuuliza ni kitu gani nitasoma.

Bunia, jioni. Afoyo alinipokea mbele ya turubai lake, amekonda hadi pete ya ndoa ameifunga uzi isidondoke. Watoto walinishika miguu. Alikuwa amepika bugali na lengalenga, na kando ya mafiga niliona gunia la maharagi, limefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Niliuliza kwa nini watoto wanakula majani matupu na maharagi yako hapo karibu na moto. Afoyo alitazama pembeni.

"Ile haikuliwe," Dieudonné alijibu akitoka ndani. "Karibu, shemeki. Ile ni mbegu ya Bule. Baba yangu aliipanda, na baba yake. Nilikimbia nayo ku kichwa."

Ni mtu mrefu, mpole, wa maneno machache, na hilo ndilo lililonisumbua. Mlevi ningemtukana. Mpole anayetaka kuwapeleka watoto mahali pa bunduki unamwanzia wapi? Alinipa kiti pekee cha nyumba. Baadaye alitoa kutoka mfuko wa shati kijifuko cha plastiki, na ndani yake kile kipande cha karatasi. Kilisema kwamba Mungu atawakusanya watu wake na kuwarudisha mahali alipowatoa. Basi. Juu yake hakuna kitu, chini yake hakuna kitu.

"Nilitia mukono mu kikapo, batu bengi bako pale," alisema. "Juu ya nini ile karatasi ilikuja ku miye? Siye hapa tunakaa kama kuku ya muntu mwingine, shemeki. Bananitupia, ninakula. Kule udongo iko inaningojea."

"Na batoto?"

"Mungu hawezi kuniita akiwa na uongo."

"Ulisoma mbele na nyuma ya huu mustari?"

"Biblia yangu iliungua na nyumba."

Ningeweza kutoa yangu palepale. Sikutoa. Nilitaka kwanza kumwona huyo mwenye kikapu uso kwa uso, na nilitaka Dieudonné awepo, nimwaibishe mwenye kikapu mbele yake. Mwajua nilivyo.

Asubuhi iliyofuata, mtaa wa Mudzipela, hukohuko Bunia. Chumba cha maombi kilikuwa nyumba ya mbao yenye bati, katikati ya ua mkubwa mtupu uliokanyagwa na magoti ya watu mpaka ukawa mgumu. Mwenyewe anaitwa Mama Elise, mjane mnene mwenye sauti ya chini. Nilikwenda na Afoyo na Dieudonné, nimejiandaa kukutana na mwizi, na sitawaficha kwamba nilivunjika moyo. Hakuna sadaka iliyoombwa. Chungu cha uji kilikuwa jikoni, na watoto wa kambini walikuwa wamekipangia foleni. Ni vigumu kumdharau mtu anayegawa uji, lakini nilijitahidi.

Nilimwomba anionyeshe kikapu. Alikileta kwa mikono miwili. Nilivuta kipande, kilikuwa cha baraka. Nikavuta kingine, baraka tena. Nikavuta cha tatu, nikaahidiwa ng'ombe na mizabibu. Hapana aliyewahi kuvuta majipu ya Ayubu katika kikapu kile, wala ngazi ya Yakobo bila malaika.

"Haya maneno ulikata mu Biblia gani?" nikauliza.

Aliileta pia, bila kuona haya. Ilikuwa Biblia nene ya zamani, na alipoifungua niliona mwanga wa mlango ukipita katikati ya manabii. Mama Elise alikuwa ameikata kwa makasi, mstari baada ya mstari, akichagua tamu. Kila alipokata ahadi upande huu, alikuwa ameua mstari mwingine upande wa pili bila kujua ni upi. Kilichobaki ndani ya jalada kilikuwa hasira tupu na majina ya mababu. Zaburi zilikuwa kama jani la sombe, yaani la muhogo, lililoliwa na viwavi.

"Mama, uliharibu kitabu nzima," nikamwambia.

"Batu banakuja hapa bamevunjika," alisema taratibu. "Mwengine alizika batoto yake yote. Ungemupa nini, Mama? Sapitre nzima, sura yote? Hawezi kuibeba. Ninamupa kidogo, ile anaweza kubeba mu mufuko."

Mimi nilikuwa nimekwisha kufika kwenye kitabu cha Yeremia. Niliutafuta ukurasa, nikaliona tundu. Nikamwambia Dieudonné atoe karatasi yake. Alisita, Afoyo akamgusa bega, akaitoa. Niliiweka juu ya tundu, ikaingia sawasawa, kona kwa kona.

"Sasa soma," nikamwambia. "Lakini anza juu."

Dieudonné anasoma polepole kwa kidole. Alisoma kwamba hayo ni maneno aliyoyatuma nabii kwa watu waliochukuliwa mateka mbali na kwao. Alisoma kwamba wajenge nyumba hukohuko ugenini na kukaa ndani yake. Kwamba wapande bustani na kula matunda yake, waozeshe wana na mabinti zao huko. Kwamba wautakie amani mji ule waliohamishiwa. Mistari hiyo makasi hayakuigusa hata mmoja. Nani anataka kuvuta karatasi inayomwambia ajenge choo ugenini? Alisoma kwamba wasiwasikilize manabii wanaowaotea ndoto wanazozitaka, na hapo nilimtazama Mama Elise kwa raha ambayo nitaiungama siku nyingine. Kisha kidole kikafika kwenye mstari unaosema ni lini Mungu atawajia, na kikasimama.

"Miaka sabini," nikamsomea mimi, kwa sauti yangu ya kanisani.

"Swasantidis," alisema Dieudonné kwa Kifaransa, kana kwamba kwa Kiswahili hakuisikia. "Batoto yangu batakuwa bazee."

"Njo vile imeandikwa. Njo mustari yako nzima." Nikafunga kitabu.

Dieudonné alinyoosha mkono. Alikitoa kile kipande kilichobaki kimechungulia kati ya kurasa, hakukirudisha kwenye plastiki, akakiweka tu juu ya meza ya Mama Elise. Akatoka. Nilikuwa nimeshinda. Njia nzima ya kurudi kambini nilimweleza Afoyo jinsi jambo lilivyokuwa rahisi, mradi tu mtu ajue kusoma.

Kambini, siku zilizofuata. Ni kweli, Dieudonné hakutaja Bule tena. Lakini hakutoka tena mkekani. Alilala akielekea turubai, chakula chake kikawa kinapoa na watoto wanakimaliza. Mvua ya kwanza iliponyesha, wanaume wengine walitoka kutazama anga kama wakulima wote wanavyofanya. Yeye alijifunika shuka usoni. Wale watoto wawili wakubwa, ambao nilikuja kuwaokoa, walinikwepa.

Afoyo alivumilia, halafu hakuvumilia. Alinikuta naosha sahani.

"Nilikuita uzuie ile safari, Yaya. Sikukuita umuue."

"Miye nilisoma tu ile iko imeandikwa."

"Ulimunyanganya mustari yake. Haya, na weye umemupa nini?"

Lilikuwa swali lilelile la Mama Elise, na kulisikia mara ya pili kutoka kwa mdogo wangu kulinikera zaidi. Nilikasirika vibaya. Niliingia ndani, nikachukua Biblia yangu, ile nzima isiyo na tundu, nikaitupa kwenye mkeka kando ya kichwa cha shemeji yangu. Nikamwambia kama ninasoma vibaya basi asome mwenyewe. Nikaenda sokoni kununua chumvi tusiyoihitaji.

Aliisoma, nadhani kwa kukosa kazi nyingine. Nilimwona ameketi mlangoni na kidole chake, midomo ikitembea. Nilipita mara kadhaa bila kumsahihisha, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Kisha alfajiri moja niliamka, nikakuta mkeka wake mtupu, na gunia la maharagi halipo.

Afoyo alipiga yowe moja tu, akaziba mdomo. Tulihesabu watoto. Wote walikuwepo. Basi amekwenda peke yake, tukasema, na mimi nilijua ni nani aliyemsukuma. Tulikimbia hadi njia ya kwenda Bule, tukawauliza wenye pikipiki, hakuna aliyempakia. Mmoja alisema amemwona mtu mrefu mwenye gunia kichwani akielekea Mudzipela.

Tulimkuta katika ua wa Mama Elise. Alikuwa ameazima jembe, na ule uwanja mgumu wa magoti alikuwa amekwisha kuupasua nusu nzima. Matuta yalikuwa yamenyooka. Mama Elise alisimama mlangoni na kikapu chake, akiwaelekeza waombaji wa asubuhi wapige magoti kule upande usiolimwa, na tayari alikuwa akiuita muujiza, kama nilivyotarajia.

Dieudonné alituona akaegemea jembe. Alikuwa anatokwa jasho, na uso wake ulikuwa umerudi.

"Shemeki," aliniambia, "na weye ulikata."

"Nilikata nini?"

"Ulifika ku swasantidis, ukafunga kitabu. Kule mbele iko ingine." Akajipangusa. "Ule Yeremia mwenyewe, baadui balikuwa bamezunguka muji, na yeye iko mu kifungo. Ndugu yake anakuja kumuambia anunue shamba ya jamaa, eti ni haki yake kuikomboa. Shamba iko kule inje, kwa baadui. Na akainunua. Akaandikisha, akatia karatasi mu chungu ya udongo, ili ikae siku mingi. Alijua yeye hataikanyaga."

"Basi alikuwa mwenda wazimu," nikasema, kwa kuwa lazima niseme kitu.

"Njo vile," alisema, na akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Miye sitaenda. Nimesikia. Lakini ile mbegu nikiikalisha tu mu gunia itakufa, na ikikufa, hata batoto ya batoto yangu bakirudia Bule, batapanda nini?"

Nilikunja kitenge nikaingia kwenye tuta. Udongo wa pale si mzuri, nilimwambia hivyo. Alisema anajua.

Siku ya kuondoka Bunia. Jioni iliyotangulia tulikula maharagi ya Bule, sehemu iliyobaki baada ya kupanda, na watoto walikwaruza sufuria hadi ikalia. Biblia yangu niliiacha kwa Dieudonné; parokia itanipa nyingine, na ikinikataa nitasoma ya padri. Asubuhi alinisindikiza hadi pikipiki na kunipa chupa ya plastiki ya maji, imejazwa maharagi hadi shingoni, kifuniko kimekazwa na kuzungushiwa mpira.

"Hapa banaweza kutufukuza tena," alisema. "Panda kwako, shemeki. Ukivuna, weka ingine mu chupa. Kila mwaka."

"Kila mwaka mpaka lini?"

Alikaza tena kifuniko. Mimi ndiye niliyemsomea ile hesabu ya miaka sabini.

Bogoro, askari alikuwa yuleyule. Aliuliza kama nilimwombea. Nilimdanganya. Dukani Golgotha walikuwa wanashusha misumari mipya, na bado nilicheka, maana si kila kitu kinabadilika kwa sababu mtu ameaibika kidogo.

Kasenyi, boti ilikuwa ileile na kaikpo ileile. Watu wa kwetu wananiuliza nilijifunza nini, na najua wanataka niseme kwamba nimeacha kuwadharau wenye vikapu. Sijaacha. Anayekata Biblia kwa makasi anaharibu, na anayeikata kwa ulimi, kama nilivyofanya mimi, anaharibu vilevile. Hayo ndiyo niliyojifunza na hayanipendezi. Safari hii hapakuwa na mtoto mchanga kati yetu, hivyo niliwahi kuitungua ile jaketi moja kutoka juu ya mota. Sikuivaa. Niliifunga kuzunguka chupa, nikazikaza kamba zake, nikaipakata.

Nahodha aliniangalia akiwa ameshika kamba ya mota.

"Mama, mu ile chupa kuko nini? Dawa?"

"Shamba," nikamjibu. "Shamba ya Bule."

Alinitazama vilevile nilivyokuwa nikiwatazama watu wa Mama Elise wakitoka na karatasi zao mifukoni. Kisha akavuta kamba, mota ikawaka, tukaondoka.